SHUKRANI INAYOFIKA KWA MGENI

Somo la kujifunza katika vikundi vya sala na nyumbani

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 26:1-11, Luka 17:11-19, Matendo ya Mitume 28:1-2, Matayo 18:23-35.



Kila siku ya shukrani tunaona jambo la kufurahisha katika makanisa yetu. Mama anakuja na kikapu cha muhogo kichwani. Mvuvi analeta ndagala zilizokauka vizuri. Mwingine anashika kuku, mwingine anatoa franka chache alizofunga katika kitambaa. Kwaya inaimba, tunatembea mbele kwa furaha, na mzee anaomba juu ya matoleo yale. Mambo haya ni mazuri, na tusiyaache hata siku moja.

Lakini katika somo hili tunataka kujiuliza ulizo moja: shukrani yetu inaishia wapi? Je, inaishia pale mbele ya meza, au inatoka mlangoni na kwenda mpaka kwa watu?

1. Kikapu na maneno yake

Tusome Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Musa anawafundisha Waisraeli namna ya kutoa shukrani watakapofika katika inchi waliyoahidiwa. Mtu atatwaa malimbuko ya shamba lake, atayatia katika kikapu, atayapeleka kwa kuhani. Wengi wetu tunakijua kipande hiki, na tunafikiri ibada imekwisha hapo. Haijakwisha. Kuna mambo mengine mawili.

Jambo la kwanza ni ukumbusho. Mwenye kikapu hawezi kutoa na kunyamaza. Anapaswa kusema kwa kinywa chake kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba alishuka Misri na watu wachache, kwamba walitumikishwa na kuonewa, na kwamba walilia na Mungu akawasikia. Hata kama leo ana shamba na nyumba, mbele ya Mungu anajitaja kuwa mtoto wa mkimbizi.

Jambo la pili liko katika mstari wa 11. Baada ya kutoa, mtu anapaswa kufurahi pamoja na jamaa yake, pamoja na Mlawi, na pamoja na mgeni anayekaa katikati yao. Yule mgeni hakuitwa kwa sababu chakula kimebaki. Yeye ni sehemu ya ibada yenyewe.

Basi shukrani ya kweli ina sehemu tatu: kikapu, ukumbusho, na mgeni. Sisi mara nyingi tunaleta ya kwanza tu. Tunatoa kikapu, lakini tumesahau tulikotoka, na mgeni tumemwacha inje.

2. Sisi wenyewe tulikuwa wageni

Wapendwa, hatuna haja ya kwenda mpaka Misri kutafuta ukumbusho. Tunao hapa.

Katika vita vya 1964 na 1965, wazee wetu wa Fizi na Baraka waliacha vijiji. Wengine walijificha porini, wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma. Mwaka wa 1996 vita vingine vikaja, na mwezi wa Agosti 1998 vita vya pili. Watu wa pwani yetu walipanda mitumbwi usiku, na watoto, na sufuria moja, na nguo za mwilini. Kwa ajili ya watu wa Kivu ya Kusini, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu mwaka ule wa 1996, na baadaye kambi ya Lugufu. Kuna watoto wetu waliozaliwa kule, waliosoma kule, na waliobatizwa kule. Kurudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka kulianza mwaka wa 2005. Tunaikumbuka siku ambayo kila mmoja wetu aliweka mguu tena katika mchanga wa kwetu. Wengi walipiga magoti.

Sasa someni Matendo ya Mitume sura ya 28. Paulo na wenzake wamevunjikiwa merikebu. Wanatoka majini wamelowa, mvua inanyesha, baridi ni kali. Wenyeji wa Malta hawawajui watu hawa. Hawasemi lugha moja nao. Katikati yao wamo wafungwa. Lakini wenyeji wale wanawawashia moto na kuwapokea wote. Biblia haitaji jina la mtu aliyeleta kuni za moto ule. Mungu anamjua.

Na sisi tulikuwa na Malta yetu. Wenyeji wa Kasulu, watu wa kabila la Waha, hawakuwa matajiri. Lakini tulikaa katika inchi yao. Tulitafuta kibarua katika mashamba yao, tukauziana nao chumvi na unga. Tuseme kweli vilevile: hatukuwa wageni wepesi. Tulikata miti yao kwa kuni za kupikia. Walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Siku zingine tulikutana na maneno makali njiani, na wengine wetu waliteseka kwa kutafuta kuni. Hata hivyo tulikaa miaka, watoto wetu wakakua. Yule aliyekuwasha moto wako siku ile ya baridi, umemrudishia nini?

Wengi watajibu: nitamrudishia namna gani? Yuko ngambo, sijui hata nyumba yake leo. Hilo ni jibu la kweli. Lakini Mungu ameonyesha njia nyingine. Wema tuliotendewa na mtu ambaye hatuwezi kumfikia, tunaulipa kwa mtu anayetufikia sisi. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 10:19 linaamuru kumpenda mgeni, na sababu yake ni moja tu: ninyi pia mlikuwa wageni.

3. Mgeni aliye mlangoni

Na mgeni amefika. Ndugu wa Burundi walikimbilia kwetu mwaka wa 1972, na tena mwaka wa 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka wa 2015, wakati wa fujo juu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, wakaja tena. Mwezi wa Juni wa mwaka ule kambi ya Lusenda ilifunguliwa katika territoire yetu ya Fizi, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka. Mwaka wa 2017 ikafunguliwa Mulongwe, karibu na Baraka. Vilevile wako ndugu zetu Wakongo waliofukuzwa na vita vya milimani, ambao hawakuvuka mpaka wowote, lakini hawana nyumba.

Tutazame jinsi Mungu alivyogeuza meza. Jana sisi tulikata kuni katika pori la Kasulu. Leo Mrundi anakata kuni katika pori letu. Jana mama wa Kasulu alisema kwamba wakimbizi wanamaliza miti. Leo maneno yale yale yanatoka katika vinywa vyetu. Jana tulisimama katika mstari wa kuchota maji na mwenyeji akatutazama kwa jicho baya. Leo sisi ndio tunaotazama.

Katika Matayo 18, Bwana Yesu anaeleza habari za mtumishi aliyesamehewa deni kubwa sana na mfalme wake. Alipotoka inje akamkuta mwenzake mwenye deni kidogo, akamkaba koo. Mfalme hakukasirika kwa sababu ya zile pesa kidogo. Alikasirika kwa sababu mtumishi yule alipokea rehema, na rehema ile haikubadilisha kitu ndani yake. Tujihadhari tusiwe mtumishi yule.

Tunajua kuna ndugu watakaosema: wakimbizi wanapewa msaada, na sisi wenyeji tulio maskini kama wao hatupewi. Hatusemi kwamba maneno haya ni uongo. Shamba lililopandwa mahema halizai muhogo tena, na mwenye shamba ana watoto. Ni haki kwenda kwa wakubwa na kusema shida hii waziwazi, kwa heshima. Lakini tulalamike mbele ya wenye mamlaka, si juu ya kichwa cha mama mwenye fungu la kuni. Yeye hakugawa msaada. Yeye naye alifunga mizigo yake usiku, kama wewe.

Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjane wa Sarepta alielewa neno hili kabla yetu. Alikuwa na unga wa kiganja kimoja na mafuta kidogo, akamlisha Eliya aliye mgeni, na nyumba yake ikaishi (1 Wafalme 17).

4. Mkoma wa kumi

Sasa tufike Luka 17. Wakoma kumi wanasimama mbali, wanamlilia Yesu. Wote kumi wanaponyeshwa. Mmoja tu anarudi kushukuru, na Luka anaandika kwamba huyo alikuwa Msamaria. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangia chombo. Lakini angalieni vizuri: wakati wa ugonjwa, watu hawa kumi walikaa pamoja. Ukoma uliwaunganisha. Walipopata afya, kila mmoja alishika njia yake.

Je, si sisi hao? Kule kambini tulisimama katika mstari mmoja, Mubembe, Mufuliru, Mubuyu, Muzoba, kila mtu na kibeseni chake. Mtoto wa mmoja akiugua, mwingine aliamka usiku kusaidia kumbeba. Tulipofika kwetu, tukapata mashamba na nyumba, tukaanza tena kuulizana: huyu ni wa kabila gani? Shida ilituunganisha, na baraka ikatutenga. Hii ni aibu kwa watu ambao mji wao unaitwa Baraka.

Mungu hakukosea alipotuweka wengi pahali pamoja. Katika inchi hii ya Fizi wako Babembe, wako Babuyu, wako Bazoba wa kando ya ziwa, wako Bafuliru na Bavira waliotoka jirani, wako Banyamulenge wafugaji wa milimani, wako Warundi. Wako Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, na sisi. Tena tazameni lugha hii tunayosali nayo. Kiswahili kilivuka ziwa hili pamoja na misafara ya pembe za tembo na watumwa katika miaka ya 1800. Kilikuja katika machozi. Lakini leo ndicho kinachowezesha Mubembe na Mrundi kusema Amina pamoja. Ikiwa Mungu aliweza kuitakasa lugha iliyokuja namna hiyo, atashindwa kutupatanisha sisi?

Tusifiche majeraha. Zamani wafugaji walioshuka na ng'ombe kutafuta majani wakati wa kiangazi walitoa itulo kwa wakubwa wa inchi. Zawadi ile ilikuwa alama ya kutambuana: wewe una majani, mimi nina ng'ombe, tukae pamoja. Baadaye mmoja akaiona kuwa kodi, mwingine akaiona kuwa deni, na alama ya amani ikawa chanzo cha mashindano. Tunajifunza hapa kwamba shukrani ikilazimishwa inakufa, na shukrani ikisahauliwa inakufa vilevile.

Kuna majeraha makubwa zaidi. Katika siku za mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola. Kila mwaka unapokwisha, wakati wengine wanasherehekea, kuna nyumba za Fizi zinazolia. Na tarehe 13 Agosti 2004, kule Gatumba katika Burundi, wakimbizi Wakongo zaidi ya 150 waliuawa usiku katika mahema, na wengi wao walikuwa Banyamulenge. Kuna nyumba zinazolia tarehe ile pia.

Tunauliza kwa upole, lakini tunauliza: tunapoomba katika kanisa, tunataja wafu wa nani? Mtu wa Makobola anaweza kumtajia Mungu wafu wa Gatumba? Mtu wa Gatumba anaweza kumtajia Mungu wafu wa Makobola? Kusema hivyo si kufuta haki. Walioua watajibu mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Lakini mtoto aliyeuawa hana kabila mbele ya Baba yake. Sala inayohesabu wafu wa upande mmoja tu ni kama yule mkoma aliyeponyeshwa asirudi.

5. Nabii wa kweli anajenga

Sisi ni watu wa kanisa la kinabii. Tunaamini kwamba Mungu anasema na Waafrika katika Afrika. Kwa hiyo tukumbuke jinsi mbegu hii ilivyopandwa katika inchi yetu.

Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake kule Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekamatwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa, kisha mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali na kwao, mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na akafa katika kifungo tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30 katika inchi ya watu wengine. Wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu na kutupwa katika majimbo ya mbali, katikati ya kabila na lugha wasizozijua. Wakoloni walifikiri wanauzima moto. Kumbe walikuwa wanautawanya. Imani ile ilivuka kabila kwa sababu watu wake walikuwa wageni, na kwa sababu wako wenyeji waliowasikiliza. Serikali ililitambua kanisa lile mwezi wa Desemba 1959. Na msingi wake ukawa maneno matatu: mapendo, amri, na kazi. Angalieni neno la kwanza ni lipi.

Kwa hiyo tusidanganywe. Mtu akisimama katika maombi na kusema kwamba Roho amemwonyesha kabila fulani limelaaniwa, au kwamba jirani fulani ndiye mchawi wa kijiji, tuijaribu roho hiyo, kama 1 Yohana 4:1 inavyotuagiza. Mtume Paulo anafundisha kwamba unabii ni wa kujenga, kutia moyo, na kufariji (1 Wakorinto 14:3). Unabii unaowasha nyumba ya mtu haukutoka kwa Roho Mtakatifu. Na vijana wakija kuomba tuwaombee kabla ya kwenda kunyang'anya ng'ombe au kuchoma kijiji, jibu letu ni moja: tutakuombea uache. Maji ya baraka hayamwagwi juu ya silaha.

6. Mambo ya kutenda

Imani bila matendo imekufa. Tunawaomba ndugu wote watende mambo haya:

Kwanza, siku ya shukrani, kila kundi litenge kikapu kimoja kiitwe fungu la mgeni. Kikapu hicho kisibaki kanisani. Kipelekwe siku ile ile kwa jamaa isiyo ya kabila letu wala ya kanisa letu, na anayekipeleka akae, asalimie, ajue majina ya watoto.

Pili, kabla ya kutoa, mtu mmoja asimame na kushuhudia wema aliotendewa na mtu wa kabila lingine. Wazee waeleze habari za kuvuka ziwa, kusudi watoto waliozaliwa baada ya kurudi wasifikiri kwamba tumekuwa wenyeji siku zote.

Tatu, pahali penye ugomvi wa kuni na maji, wazee wetu wakutane na wazee wa wakimbizi. Wapatane pahali pa kukata na pahali pa kuacha, na siku za kila upande. Maneno ya kikao yanazuia maneno ya panga.

Nne, wazazi watawale ndimi zao mezani. Mtoto anajifunza kudharau kabila lingine wakati anakula bugali na sombe nyumbani kwa baba yake.

Maulizo ya kujifunza pamoja

1. Mwenye kikapu katika Kumbukumbu la Torati 26 anakumbuka nini kabla ya kufurahi? Wewe ungesema nini?
2. Taja mtu mmoja asiye wa kabila lako aliyekusaidia wakati wa kukimbia. Ulimshukuru namna gani?
3. Kwa nini wakoma kumi walikaa pamoja katika ugonjwa na kutengana katika afya?
4. Ni mgeni gani aliye karibu na nyumba yako ambaye bado hujui jina lake?

Wapendwa, Mungu alimbariki Abrahamu ili awe baraka kwa wengine (Mwanzo 12:2-3). Nasi jina hilo limeandikwa katika njia ya kuingilia mji wetu. Mtu anayetoka mbali na mzigo kichwani, akisoma jina la Baraka, asikute ni jina tu.

Tuombe: Baba, ulituvusha maji tukiwa na hofu, na watu tusiowajua wakatuwashia moto. Utusamehe kwa kuwa tumesahau upesi. Fungua milango yetu kama ulivyotufungulia milango ya wengine. Uwafariji wote wanaolia katika inchi hii, wa upande huu na wa upande ule. Shukrani yetu isikome mezani pako, ifike mpaka kwa mgeni. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.